Pelíšky ni ya 1968, si 1989

Hapana ndugu, filamu ya Kicheki Pelíšky haihusu kuanguka kwa ukomunisti mwaka 1989, kama ulivyoandika. Hadithi ya Pelíšky inaanza Krismasi ya 1967 jijini Prague na kuishia Agosti 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa nchi za kikomunisti ulioongozwa na Wasovieti, yalipoivamia Chekoslovakia usiku wa tarehe 20 kuamkia 21. Nadhani mkanganyiko unatokana na mwaka iliotoka, 1999, wakati chama cha kikomunisti kilikuwa kimeshaondoka madarakani miaka kumi.

Nimeitazama mara mbili. Rudia sehemu ya vijiko utaelewa kipindi chenyewe: baba mmoja, ofisa wa jeshi anayekiamini chama kwa moyo wote, anawagawia wageni vijiko vya plastiki kutoka Ujerumani Mashariki. Wanakoroga kahawa ya moto, vijiko vinalegea na kupinda mkononi. Naye anabaki ameduwaa, anauliza makomredi wamekosea wapi. Nilicheka sana, halafu nikamhurumia, maana yule mzee anaamini kweli. Na katika nyumba hiyohiyo anaishi Kraus, mpiganaji wa zamani dhidi ya Wanazi, asiyetaka hata kuwasikia wakomunisti, huku kijana wa ofisa akimpenda binti wa Kraus.

Ila usiandike kwamba walivamia Warusi peke yao. Wasovieti ndio walikuwa wengi, lakini Poland, Hungaria na Bulgaria nazo zilipeleka askari. Romania, ingawa ilikuwa mwanachama wa Mkataba, ilikataa kushiriki.