Usimpunguze msichana kwa sababu ya Jumanne

*Shangazi, shikamoo. Nina saluni ya kike Ipagala, hapa Dodoma. Ijumaa na Jumamosi tunazidiwa mpaka wateja wengine wanaondoka, ila Jumatatu hadi Alhamisi, toka asubuhi mpaka saa tisa, hatuoni mtu. Wasichana wangu wawili nawalipa kwa asilimia. Wanashinda kwenye simu, nikiwaambia wafanye usafi wananuna. Mume wangu akipita anasema nimefungua kijiwe. Nimpunguze mmoja? – Mwenye Saluni*

Marahaba, mwanangu. Usimpunguze yeyote. Umeandika mwenyewe kwamba Jumamosi watu wanaondoka. Ukibaki na mikono pungufu wataondoka wengi zaidi. Na hao wasichana usiwaite wavivu. Anayelipwa kwa asilimia akideki Jumanne hapati hata shilingi, ndiyo maana ananuna. Kaeni mkubaliane: siku kavu uwape nauli na chakula, na chochote watakachotengeneza kikiuzwa wapate fungu lao kama wanavyopata kwa kichwa cha mteja.

Sasa hamisha kazi ndefu. Mteja mmoja wa rasta ndogondogo anakalia kiti kwa muda wa saa tano au sita. Jumamosi, kwa muda huohuo, kiti hicho kingepitisha watu kadhaa wa kuosha na rolasi. Kwa hiyo punguzo lako liwe la rasta tu, Jumatatu hadi Alhamisi, na aanze kabla ya saa nne asubuhi. Ukishusha bei ya kila kitu, wa Jumamosi nao wataidai. Usiwawinde watumishi wa serikali asubuhi, maana wapo ofisini mpaka saa tisa na nusu, na wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, bado ana safari ya kurudi. Walenge wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wasio na kipindi, na akina mama ambao watoto wameshaenda shule.

Utawapataje? Kwa daftari. Andika jina, simu, tarehe, alichofanyiwa, dawa aliyopakwa na kama ilimuunguza. Dawa ya kulainisha hurudiwa kwenye nywele mpya tu, walau baada ya wiki nane. Ikiwahi na kupanda juu ya zilizokwisha kulainishwa, zinakatika. Basi wiki ya saba mtumie ujumbe: "Nywele zako zinafikisha muda, Jumanne asubuhi kiti kipo wazi." Ujumbe unaomhusu mtu na nywele zake unajibiwa kuliko tangazo la jumla.

Kazi nyingine ya saa hizo ni rasta zenyewe. Wachambue ncha kabisa, wazifunge mafungu yaliyo tayari. Jumamosi mtaokoa muda mwingi. Wanaolalamika kuwashwa kichwa, waloweshee rasta kwenye beseni la maji ya vuguvugu lenye kikombe kimoja cha siki nyeupe, kama nusu saa. Mara nyingi utaona utando mweupe ukielea juu. Suuza mpaka harufu iishe, kisha anika ndani. Kwa upepo wa Dodoma, ukianika nje utamsuka mteja vumbi.

Wigi za rasta pia zinatoka. Unahitaji kofia ya neti, sindano ya kroshia na kichwa cha spanji. Wengi hukosea hapa: kichwa cha spanji mara nyingi ni kidogo kuliko cha mtu, wigi ikiisha inabana. Kizungushie taulo mpaka futi kamba isome sentimita 56, ndipo uvishe neti na kuanza.

Vumbi hilohilo linaua draya. Chomoa waya, kisha kwa brashi kavu toa nywele na vumbi kwenye matundu ya kuvutia hewa, kila wiki. Yakiziba, mota inachemka na draya inazima katikati ya kichwa cha mtu, au inaungua kabisa. Stima ya nywele inayoota magadi kwa maji yetu ya chumvi, itie siki na maji nusu kwa nusu, dakika 30, suuza. Siki isikutane na jiki kamwe, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Vitana vioshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu mafuta na uchafu hupunguza nguvu ya jiki. Jiki ya asilimia 3.5 changanya kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, loweka dakika 10. Mikasi usiisahau humo, itapata kutu.

Ila usiwajazie kila dakika, mwanangu. Miguu inayosimama Jumamosi nzima inahitaji kupumzika. Wakimaliza kazi ya siku, waache na simu zao.

Na mume wako, usibishane naye kwa maneno. Kuanzia wiki hii, kila anayeondoka Ijumaa na Jumamosi kwa kukosa nafasi mwandike, na alichotaka, na bei yake. Baada ya wiki nne jumlisha, umwekee mezani pamoja na mauzo ya siku kavu. Kama baada ya miezi miwili siku hizo hazilipi hata posho ya wasichana, fungueni kuanzia saa sita mchana Jumatatu na Jumanne, na wote wawili wabaki.