Data mbadala kwa mwekezaji wa kawaida: nilivyozitumia kwenye hisa za chai

Ndugu mwanzisha mada, umeuliza kama picha za setilaiti, data za mienendo ya simu na mengineyo ya aina hiyo, yaani data mbadala zisizotoka kwenye hesabu za kampuni yenyewe, vinaweza kumfaa mwekezaji wa kawaida wa Nairobi, au ni mambo ya mifuko mikubwa ya uwekezaji ya Marekani tu. Kwa uzoefu wangu katika uchambuzi wa hisa, vinafaa, mradi ujue mapema ni mstari gani wa hesabu za kampuni unaoguswa na data hizo.

Mfano unaotajwa sana ni wa migahawa ya Chipotle ya Marekani. Mwaka 2016, baada ya baadhi ya wateja wake kuugua kwa sababu ya chakula, kampuni ya Foursquare, iliyokuwa ikipima idadi ya wanaoingia migahawani kwa kutumia simu zao, ilitabiri kwamba mauzo ya robo ya kwanza yangeshuka kwa karibu asilimia 30. Hesabu zilipotoka, mauzo ya migahawa iliyokuwapo tangu mwaka uliotangulia yalikuwa yameshuka kwa asilimia 29.7. Mtu akiingia mgahawani hununua, na bei ya chakula haibadiliki kila wiki. Ndiyo maana idadi ya wanaoingia inakaribiana sana na mauzo.

Chai haiko hivyo. Mimi hufuatilia Williamson Tea na Kapchorua, kampuni za chai zilizo kwenye soko la hisa la Nairobi, ambazo hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Machi na kutoa matokeo mara mbili tu kwa mwaka, hivyo mwenye hisa hukaa miezi mingi bila habari. Picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure na hupatikana kila baada ya siku 5, lakini Kericho na Nandi hufunikwa na mawingu msimu wa mvua, na kwa kuwa mchai haupukutishi majani, ukijani unaoonekana kutoka angani haukuambii kama wachumaji wanajaza vikapu au la. Takwimu za mvua za CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayounganisha data za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, zinazoanzia mwaka 1981 na ambazo pia ni za bure, zimenifaa zaidi, kwa sababu mvua ikikaa chini ya wastani kwa muda mrefu, majani mabichi yanayofika kiwandani hupungua.

Wengi wakiona ukame hukimbilia kuuza, nami nawasihi wasubiri. Mvua ikipungua katika nyanda zote za chai, shehena inayofika mnada wa Mombasa hupungua na bei ya kilo huelekea kupanda. Ikinyesha kwa wingi, kilo huongezeka na bei hulegea. Isitoshe, mnada huuza kwa dola ilhali vibarua hulipwa kwa shilingi. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130, maana yake kilo zilezile kwa bei ileile ya dola zilileta shilingi pungufu kwa karibu moja ya tano, jambo ambalo hakuna setilaiti ingeliona. Kwa hiyo mvua, bei za mnada za kila wiki na thamani ya shilingi naviweka katika jedwali moja, na sinunui wala kuuza kabla vyote vitatu havijaielekeza faida ya kampuni upande mmoja.

Kuhusu uhalali, tafadhali kuwa mwangalifu. Septemba 2021 App Annie, kampuni ya kuuza takwimu za programu za simu, ilikubali kuilipa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa dola milioni 10, kwa kuwa iliwauzia wawekezaji makadirio yaliyotumia data ambazo iliwaahidi wenye programu za simu kwamba zingejumlishwa na kufichwa utambulisho. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtu akikuletea miamala ya simu ya wateja, ikatae, kwa kuwa hiyo ni faragha ya watu. Na karani wa kiwanda akikunong'oneza tani za mavuno kabla hazijatangazwa, hizo ni habari za ndani, na kuzifanyia biashara ni kosa la jinai.

Mwisho, hisa hizi hazina wauzaji wengi, na agizo kubwa moja linaweza kupandisha bei hadi ile faida uliyoitarajia iishe. Mpe dalali wako bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa utakayokubali kulipa, kisha ununue kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.