Msiruke ukurasa wa moto

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, ni sawa kumsomea mtoto hadithi yenye kifo?", limenichoma, maana linaulizwa kana kwamba mtoto atakutana na kifo kwa mara ya kwanza kitabuni. Mtoto wa kwetu ameshakiona. Ameona turubai likifungwa uani na viti vya kukodi vikishushwa, kina mama wamelala mkekani siku tatu, na yeye akapelekwa kwa jirani akacheze. Alichokosa ni mtu wa kumwambia wazi kilichotokea. Akiambiwa baba amesafiri, hukaa akingoja zawadi. Akiambiwa bibi amelala, huanza kuogopa kufumba macho usiku. Akiambiwa Mungu alimpenda marehemu zaidi, huomba yeye asipendwe. Kwa hiyo mimi najibu swali lililo jirani na hilo: asomewe namna gani?

Nachukua kitabu kimoja, Bröderna Lejonhjärta cha Astrid Lindgren wa Uswidi, kilichotoka mwaka 1973. Wengi wetu tunakipata kwa Kiingereza, The Brothers Lionheart, na kumgeuzia mtoto kwa Kiswahili papo hapo. Jambo dogo kabla hujaanza: nchi ya ajabu ya humo huandikwa Nangijala, lakini ng yake ni ile ya ng'ombe na j husomwa y. Jonatan, mmoja wa ndugu wawili wa hadithi hiyo, naye husomwa Yonatan. Zoeza ulimi kwanza, kwa sababu ukijikwaa kwenye jina la nchi hiyo kila mara, mtoto hataiamini.

Karl ni mtoto mgonjwa, anakohoa, analala jikoni, na amemsikia mama yake akisema kwamba hatapona. Anamuuliza kaka yake Jonatan, mwenye miaka 13, kama naye anajua. Jonatan anajibu kwamba anajua. Hamzungushi. Ndipo anapomsimulia Nangijala, upande wa pili wa nyota, ambako bado ni zama za kuota moto na kusimuliana hadithi. Angalieni mpangilio huo: ukweli umetangulia, faraja ikafuata. Msomaji anayeanza na Nangijala ili apunguze makali ameharibu dawa.

Halafu unakuja moto, na hapa ndipo watu wazima wengi wanaporuka kurasa. Karl mwenyewe anatuonya kwamba amefika kwenye jambo asiloweza kulifikiria, wala kuacha kulifikiria. Nyumba ni ya mbao, ngazi zinawaka, mama hayupo. Jonatan anambeba mdogo wake mgongoni na kuruka dirishani. Aliyekuwa mzima anakufa, mgonjwa anabaki. Kuruka kwenyewe kunapita kwa maneno machache, hakuna damu ya kumtisha mtoto. Kwa hiyo nanyi msiongeze: msipaze sauti, msiigize vilio. Someni kwa mwendo uleule mliokuwa nao jikoni kwa Karl. Na neno liwe "alikufa". Ukisema "alitutoka" mtoto atauliza alitokea mlango gani, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Lakini moto wenyewe si sehemu ngumu kuliko zote. Ngumu ni sentensi moja baada yake, pale Karl anaposema kwamba mjini pengine hakuna mtu asiyemlilia Jonatan, wala asiyeona kuwa ingekuwa heri angekufa yeye Karl badala ya kaka yake. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mtoto aliyefiwa na ndugu hubeba moyoni bila kumwambia mtu. Amewaona wageni wa msibani wakimtazama, ameisikia sifa ya marehemu ikirudiwa hadi arobaini, akajipimia nafasi yake. Msomaji akifika hapo hukimbilia kusema "hapana mwanangu, usiwaze hivyo". Kosa ni hilo. Mtoto alikuwa karibu kufungua mdomo, msomaji kaufunga. Soma sentensi hiyo, nyamaza, pumua mara tatu au nne, acha kidole kwenye mstari. Asiposema kitu, endelea. Akisema, weka kitabu pajani na umsikilize mpaka amalize, hata kama kusoma kwa jioni hiyo kutaishia hapo.

Asiposema kitu, usifunge kitabu kwenye moto. Nenda mpaka njiwa mweupe anapofika dirishani kwa Karl na habari za Jonatan. Mwandishi ameweka kituo hapo kwa makusudi. Tangu mwanzo hadi hapo ni kama nusu saa au zaidi kidogo kwa sauti ya taratibu, basi anza mapema, kabla mtoto hajaanza kusinzia.

Yanayofuata, Karl akishamfuata kaka yake Nangijala, yanajiendesha yenyewe: Bonde la Micheri, farasi Grim na Fjalar, miguu ya Karl iliyokuwa imepinda na sasa imenyooka, kisha Tengil mdhalimu na joka lake Katla. Mzazi Mwislamu au Mkristo atakayeuliza kama Nangijala ni Pepo, ajibiwe kwamba ni nchi ya hadithi, na mtoto aambiwe hivyohivyo. Hatachanganyikiwa, maana anajua pia kwamba sungura haongei.

Niliposhika kalamu nilitaka kusema: someni chote, msiruke hata mstari. Sasa nafika mwisho wa kitabu na msimamo wangu umelegea. Moto wa Katla umemgusa Jonatan na mwili wake unapooza. Safari hii mdogo ndiye anayembeba mkubwa mgongoni, naye anaruka gizani ili wafike nchi nyingine, Nangilima. Kwa ufundi ni pazuri mno. Mgongo uliobebwa umekuwa mgongo unaobeba. Ila mtoto aliyezikiwa ndugu yake juzi anaweza kusikia mwaliko wa kumfuata. Wakosoaji waliolalamikia mwisho huo walikuwa na hoja, na sitawabeza.

Basi jibu langu, pamoja na kelele zote za hapo juu: ndiyo, asomewe, lakini si katika wiki za mwanzo za msiba, na asiachiwe akisome peke yake. Mwenye miaka chini ya 8 au 9 namngojea, maana kati ya miaka 5 na 7 ndipo wengi wanaanza tu kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Akishawahi kusema anatamani kumfuata marehemu, mwisho huo usisomwe kabisa. Kaeni naye, zungumzeni, na mtafuteni mtu mwenye ujuzi wa kumsaidia. Kwa wengine, sura ya mwisho isomwe mchana, mmekaa nje, na kitabu kisilale chumbani mwa mtoto usiku ule.