Kabla hamjaandika tena "maarifa, mtazamo na utendaji"

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma rasimu zenu za vipaumbele vya utafiti wa uuguzi na ukunga kwa ajili ya mlipuko ujao. Karibu kila ukurasa una kichwa kilekile: maarifa, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu ugonjwa fulani. Mwaka 2020 tulijaza makabati kwa madodoso ya namna hiyo. Yalitueleza kwamba muuguzi anajua kunawa mikono, hayakutueleza afanye nini bomba la wodini lisipotoa maji. Nawapenda, kwa hiyo nitasema waziwazi.

1. Mada si swali. "Afya ya akili ya wauguzi" ni mada. "Je, zamu ya saa 6 badala ya saa 12 katika wodi ya kutenga wagonjwa inapunguza makosa ya dawa?" ni swali, maana matroni akipata jibu Jumatatu, Jumanne anabadili ratiba. Pembeni ya kila swali andikeni nani ataamua nini akipata jibu. Likikosa mwenyewe, lifuteni.

2. Delfi ya mtandaoni, yaani kuwahoji wataalamu kwa mizunguko mpaka wakubaliane, inawapendelea wenye bando na meza. Aliyeshinda ndani ya vazi kinga usiku kucha hafungui linki yenu akitoka kazini, na mzunguko wa pili mnabaki na wahadhiri peke yao. Nendeni wodini wakati wa kukabidhiana zamu, mkaulize jambo moja tu: usiku huu umelazimika kuamua nini bila kuwa na uhakika?

3. Angalieni mnachohesabu mnapoyapa maswali alama ili kuyapanga kwa umuhimu. Hapa nitakaa, maana bado inaniuma.

Katika kikao kimoja cha kupanga vipaumbele wakati wa Uviko alikuja mkunga aliyetoka zamu ya usiku, bado na sare yake. Alisimama akaeleza kwamba kwao mtoto wa mama anayehisiwa kuwa na Uviko anaondolewa mara tu kitovu kikishakatwa. Mama anakamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki, kikombe kinapelekwa chumba cha pili, na muuguzi wa huko akiwa ameshika mgonjwa mwingine, kinakaa dirishani. "Maziwa ya saa tisa mtoto anayapata saa kumi na mbili," alisema. Alitaka kujua kama kumtenga mtoto kunamwokoa au kunamuua.

Siku ile sikusikia swali bora kuliko hilo, na lilipata alama ndogo. Kigezo cha uzito wa tatizo kilikuwa vifo vinavyoletwa na virusi vyenyewe, na wachanga waliokuwa wakifa kwa virusi walikuwa wachache. Mwenyekiti akasema hilo ni suala la sera, tuendelee. Juu ya orodha yakapanda maarifa na mtazamo. Yule mkunga akaketi, hakuongea tena mpaka kikao kikaisha.

Sasa tazameni kilichokuja baadaye. Machi 2021 WHO na washirika wake walikadiria kwamba kuwaweka mama na mtoto pamoja na kuendeleza huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kungeokoa watoto zaidi ya 125,000, ilhali vifo vya wachanga kwa Uviko visingefika 2,000. Mei mwaka huohuo yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo, wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya 1.8, waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza hali itulie walifariki asilimia 15.7. WHO ilikuwa imeshashauri mama avae barakoa, anyonyeshe na akae na mwanawe, lakini hospitali nyingi, za nchi tajiri na za nchi maskini, ziliendelea kuwatenganisha. Kwa nini mwongozo uliishia ofisini? Swali hilo lilikuwa la kwetu, wauguzi na wakunga.

Kwa hiyo hesabuni vifo vyote vinavyotokea mlipuko ukiwapo. Sierra Leone mwaka 2014 na 2015 wanawake waliogopa vituo vya afya, na makadirio ya vifo vya ziada vya akina mama wazazi, wachanga na watoto waliozaliwa wafu yalifika kama 3,600, karibu sawa na waliouawa na Ebola yenyewe nchini humo. Nepal mwaka 2020, katika hospitali 9 zilizofuatiliwa, waliojifungulia hospitalini walipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto waliozaliwa wafu wakapanda kutoka 14 hadi 21 kwa kila uzazi 1,000.

4. Wajawazito msiwaache nje ya utafiti kwa mazoea. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo (DRC), ulianza 2018, na wajawazito walikuwa hawapewi chanjo. Mlango ulifunguliwa 2019. Majaribio makubwa ya mwanzo ya chanjo za Uviko nayo yaliwaacha. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, la dawa za kutibu Uviko, liliwapokea, kwa hiyo inawezekana. Mjamzito anayeuliza "nichanje?" anamuuliza mkunga wa kliniki, na ninyi ndio mtakaomwacha mkunga huyo bila jibu.

5. Kamati ya maadili. Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, na mwisho wake ukatangazwa 2 Juni. Ndani ya wiki hizo mtu anaweza kuwa bado anajibu maoni ya kwanza ya kamati. Chagueni maswali mawili ya juu, andikeni protokali (mpango kamili wa utafiti) sasa mkiacha wazi nafasi ya jina la ugonjwa, ombeni kibali mapema, na kubalianeni na kamati kwamba siku mlipuko ukitangazwa mtawasilisha marekebisho tu.