Kabla Hujalipia Behewa la Zamani

Picha za Kruger Shalati, hoteli ya Afrika Kusini yenye vyumba 24 ndani ya mabehewa yaliyoegeshwa juu ya daraja la mto Sabie, zimewatia wengi hamu ya kununua behewa la zamani la treni na kuligeuza chumba cha wageni. Shida ni kwamba mnunuzi hukagua viti na vioo, vitu vinavyobadilishika. Inama ukague chini. Chukua bisibisi uchokonoe bati chini ya kila dirisha, kingo za chini za milango na sakafu ya choo, maana huko ndiko maji hutuama. Bisibisi ikizama, hapo ni kukata na kuchomelea upya, rangi haitasaidia.

Halafu kuna asbestosi, nyuzi za madini za kuhami joto ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Mabehewa mengi ya Uingereza ya aina ya Mark 1, yaliyoanza kuundwa 1951, yalipuliziwa asbestosi ya bluu nyuma ya kuta. Muuzaji akidai ilishatolewa, atoe cheti. Hana? Usitoboe hata tundu la skrubu kabla sampuli haijapimwa maabara. Kuitoa ni kazi ya wenye leseni, na gharama yake yaweza kupita bei ya behewa lenyewe.

Behewa la aina hiyo lina urefu wa karibu mita 20 na uzito wa tani 35 hivi. Pitia kona na madaraja ya njiani kabla hujaita kreni. Kamba zishuke wima kutoka kwenye boriti ya chuma iliyo pana kuliko behewa, la sivyo zitabonyeza kuta. Mahali pa kulikalisha, mwaga kokoto, panga mataruma (magogo yanayobeba reli) kila sm 70, ulaze reli za mita 24. Utahitaji mataruma 35 hivi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza pima usawa tena. Upande mmoja ukididimia, milango ya ndani ndiyo huanza kugoma kufunga.

Upana wa nje ni mita 2.8; ukishaweka kihami joto na mbao hubaki kama 2.5. Kitanda cha 5 kwa 6 kikilazwa kukingama huacha njia ya sm 65 miguuni, inatosha. Nguzo kati ya madirisha usizikate ili upate kioo kipana, hata mchora ramani akusihi vipi: ndizo zinazobeba paa.

Usiku wa baridi, pumzi za wageni hugeuka maji kwenye bati nyuma ya dari, na kutu huanzia usikoona. Povu la kuhami joto lishikane na bati bila mwanya, na matundu ya hewa ya paani yabaki wazi.

Choo cha zamani kilimwaga relini. Sakafu iko zaidi ya mita 1 juu ya reli, hivyo bomba la inchi 4 lenye mteremko wa sm 1 kwa kila sm 40 hufika kwenye septiki bila pampu.