Anachora Joka Kila Siku? Mwambie Alete Faili Lake

Dada mmoja anayefundisha sanaa huko Ohio ameniandikia. Ana mwanafunzi aliyezaliwa China, akaasiliwa na Wamarekani weupe, na kila akiambiwa ajichore analeta joka na taa za karatasi. Amsaidieje?

Mwezi uliopita tulifunga maonyesho yangu na rafiki yangu, naye aliasiliwa kutoka China akiwa mchanga. Kazi zake karibu zote zilinunuliwa, kwa hiyo nina la kusema.

Yeye naye alianza na majoka. Ukumbi mmoja ukampenda, ukamwomba aongeze rangi nyekundu "ili ieleweke". Nilikuwepo, na mpaka leo linaniuma, maana mimi mtu wa Tanga nimeagizwa twiga na simba hadi nikachoka.

Nikamwambia alete faili lake la kuasiliwa. Tangu sheria ya kuasili ya 1992 hadi serikali ya China ilipofunga mlango mwaka 2024, watoto wanaokadiriwa kufikia 160,000 walipelekwa nje, takriban nusu yao Marekani, wengi wao wasichana. Wengi walibebewa makaratasi. Yeye alikuwa na tangazo la gazeti la mkoani, yale yaliyochapishwa kuwatafuta wazazi kabla mtoto hajaondoka: picha ndogo ya uso, mahali alipookotwa, tarehe ya kuzaliwa ya kukisia. Akaikuza picha hadi zikabaki nukta za wino tu, akazichonga moja moja kwenye linoleamu, shiti laini la kuchongea chapa, akachapa. Ukisogea karibu huoni mtu. Ukirudi nyuma, mtoto anakukodolea macho.

Picha nyingine ilikuwa ya hoteli ya White Swan, Guangzhou, walikofikia wazazi wengi wa Kimarekani wakisubiri viza ya mtoto. Vichanga vilipangwa kwenye kochi jekundu, vikapigwa picha. Yeye alichora kochi bila watoto, mto wa kukalia umebonyea hapa na pale. Nyekundu yenyewe hiyo, na hakuna aliyemwagiza!

Basi dada yangu, faili kwanza. Halafu faili tena. Usimlize mbele ya darasa, wala usimwite mama yake mlezi aje kueleza kwa niaba yake. Achague mwenyewe karatasi ipi ionekane na ipi ibaki kwenye droo. Na akitokea mwenye ukumbi kudai majoka, mwelekeze Chinatown, mtaa wa maduka ya Kichina, yako mengi na bei ni nafuu.