Hiyo namba umeitoa wapi?

Jamani mlioko vyuoni, hasa nyie mnaohangaika na tasnifu saa hizi, kuna kitu kilinila wiki tatu nzima na sitaki kiwale na nyie.

Mwaka wa mwisho niliandika utafiti wa mkonge. Nimekulia Muheza, mkonge naujua tangu nabebwa mgongoni, kwa hiyo sura ya pili niliiandika haraka haraka, nikaweka kwamba Tanga inazalisha tani 230,000 kwa mwaka. Niliikuta mtandaoni, nikakopi nikapesti. Supavaiza akaizungushia kalamu nyekundu, pembeni akaandika: umeitoa wapi, na ni ya mwaka gani?

Narudi kwenye ule ukurasa, hauna mwandishi wala tarehe wala chanzo. Nikapata kurasa nyingine zenye namba ileile nikafurahi nikajua nimepata ushahidi, kumbe zimenakiliana tu, hadi koma zinafanana.

Aliyenitoa pale ni mama wa maktaba. Nikamsalimia, nikamwambia nahangaika na mkonge. "Marahaba mwanangu, umetafuta kwa maneno gani?" Nikamwonyesha simu: mkonge Tanga. Akanambia ukitafuta kwa Kiswahili utapata zaidi habari za magazeti, ukiandika sisal peke yake utaletewa mazulia na kamba za kuuza, we andika jina la kitaalamu la mmea, Agave sisalana, ongeza Tanzania, na uingie Google Scholar, ile ya kutafutia tafiti, sio Google hii ya kila siku. Yaani ukurasa wote ulibadilika, zikaja tafiti zenye majina ya watu na miaka.

Afu akanifungulia FAOSTAT, ni takwimu za kilimo za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, bure kabisa, zinaanzia 1961 nchi kwa nchi. Tukachagua Tanzania, mkonge, tukashuka mpaka 1964. Ndo hapo tani 230,000 na ushee zilipokuwa! Ni za nchi nzima, sio Tanga, tena mwaka zao lilipokuwa kileleni, kabla kamba za plastiki hazijalishusha. Mimi nimeiandika kama ya leo.

Kingine, ukikuta makala inadai dola usikimbilie kulipa wala kukata tamaa. Uliza maktaba kama chuo chenu kimejiunga na Research4Life, ule mpango wa majarida kwa nchi za kipato cha chini, maana paswedi inakaa kwao na wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajawahi kuiomba, inaniuma sana hii. Kuna tovuti ya AJOL nayo ina majarida ya Afrika yenyewe, na DOAJ, orodha ya majarida mtandaoni, yote ni ya kusoma bure.

Na nyie mnaoomba marejeo kwa akili mnemba, kuweni makini, inaweza kukutungia makala ambayo haijawahi kuandikwa, na jina la jarida ikakuwekea. Chukua ile DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, ibandike doi.org. Isipofunguka, au ikafungua kitu kingine, usiitumie mpaka uione makala yenyewe kwa macho yako.

Bando likiwa shida nenda maktaba mapema, pale kwetu kabla ya saa nne asubuhi waifai ilikuwa nyepesi, unashusha pdf zako zote unaenda kuzisomea nyumbani.